Viti Viwili vya Kukunja

Kibamba,
Jumapili, 2 Juni 2024

Kwako Baba Shaima,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Yazid na wajukuu, na kile kifua chako cha vumbi la mbao kimekupa nafasi ya kupumua. Mie sijambo. Sukari inapanda na kushuka inavyotaka, lakini natembea, nakula, na randa bado naishika kidogo hapa uani, ingawa mwanangu Kokuberwa ananigombeza.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka kumi na tano hatujasemezana, na mara mbili tumepishana pale Tazara kila mmoja akaangalia upande wake. Namba yako ninayo, nimeikodolea macho mara nyingi. Lakini simu ina haraka. Ningesema neno, ungekata, basi imeisha. Barua hata ukiikasirikia, itabaki mezani, na kesho unaweza kuitazama tena. Nimempa Lusungu, dereva wa ile pikapu inayoleta makochi huku kwetu kutoka Keko. Anasema duka la Yazid analijua.

Naenda moja kwa moja. Unakumbuka Pangani? Mwaka 1996, mwezi wa nane, tulipopeleka vitanda kumi na viwili kwenye gesti ya Bi Thuraya, shangazi yake Mama Shaima. Tulipanga kukaa siku mbili tu, tuvifunge turudi kazini. Tukakuta magodoro hayajaletwa. Bi Thuraya akatuzuia, akasema yakija ya kipimo kingine nani atamrekebishia vitanda. Tukakaa siku tisa. Wake zetu walikuwa wametufuata, maana Mama Shaima hakukubali kuachwa, na Demetria hakukubali Mama Shaima aende peke yake. Tukalala kwenye vitanda tulivyotengeneza wenyewe, juu ya chaga tupu na mkeka. Ile ndiyo likizo pekee niliyowahi kuwa nayo maishani, Baba Shaima, na wakati ule sikujua kama inaitwa likizo.

Tuliahidiana tutarudi kila mwaka, wote wanne. Hatukurudi hata mara moja. Kwanza kazi, halafu ada za watoto, halafu Mama Shaima akatangulia, na ikatokea siku ile ambayo leo sitaki kuiandika. Demetria naye ni miaka mitano sasa. Tumebaki mimi na wewe.

Nakuomba twende. Nimepanga hivi: tuondoke Jumamosi tarehe 6 Julai kwa basi la Tanga, tufike mchana, tutafute usafiri wa Pangani, tutafute gesti yoyote, tukae wiki. Nikienda bila wewe nitakuwa nimekwenda kuangalia maji tu.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Ndugu yako,
Gervas, Baba Kokuberwa

*

Keko,
Alhamisi, 20 Juni 2024

Gervas,

Salamu. Barua yako niliipata siku moja kabla ya Idi. Huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Pole na sukari.

Sijasema nakwenda. Sitaki umtangazie Kokuberwa kwamba nimekubali. Nakuandikia kwa sababu mpango wako ni mbovu, na sipendi kuona mtu, yeyote yule, anasafiri kwa mpango kama ule.

Kwanza, tarehe 6 Julai ni mkesha wa Sabasaba. Nusu ya nchi inaingia Dar na nusu inatoka. Pili, Tanga ya nini? Siku hizi kuna basi la moja kwa moja mpaka Pangani, linaondoka asubuhi stendi ya Mbezi, na Mbezi kwako ni pua na mdomo. Tatu, umetaja wiki bila kutazama mwezi. Umeishi Pwani zaidi ya miaka arobaini na bado unapanga safari ya baharini kwa kalenda ya ukutani ya parokia. Ukienda siku za maji mafu utakaa ufukweni unatazama maji ya katikati, hayajai wala hayatoki. Ukienda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu, maji yanajaa mpaka ngazini, na yakitoka yanatoka kweli. Ndipo linapoonekana fungu la mchanga la Maziwe, limejianika peke yake katikati ya bahari, na boti zinapeleka watu. Mwaka ule wewe ulibaki umelala, ndiyo maana hukuliona. Sisi watatu tuliliona.

Mtu anayetaka kwenda vizuri angesubiri Septemba, baada ya Maulidi. Mvua hakuna, upepo umepoa, shule zimeshafunguliwa na gesti hazina watu. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 18. Haya nimekuambia kama ningemwambia mteja yeyote.

Kifua changu hakijambo.

Baba Shaima

*

Kibamba,
Jumapili, 30 Juni 2024

Kwako Baba Shaima,

Asalaam aleikum. Idi yenu ilikwendaje? Kokuberwa anakusalimia, anasema shikamoo. Sijamtangazia lolote, ila aliniona nasoma barua mara ya nne huku nacheka, akaniuliza nani ameniandikia. Nikamwambia mteja yeyote.

Septemba ni sawa kabisa. Nimeizungushia tarehe 18 duara kwenye hiyo kalenda ya parokia unayoidharau. Lakini nikufichulie uongo mmoja uliokaa miaka ishirini na minane: siku ile ya Maziwe sikuwa nimelala. Nilikuwa naumwa tumbo. Yule pweza wa nazi aliyepikwa na Mama Shaima, aliyepotea jikoni mkamsingizia paka wa Bi Thuraya, nilimla mimi, sufuria nzima. Demetria alijua. Alikufa nayo, hakunisema.

Nimekuwa nawakumbuka sana wiki hii. Unakumbuka Demetria na sabuni? Mtoto wa Bukoba, kazoea kufulia ziwani, akaamka asubuhi ya kwanza na kipande cha sabuni ya mche na mashati yetu yote, akaingia baharini mpaka magotini akaanza kufua. Anasugua, povu hakuna. Anasugua, povu hakuna. Akatoka amekasirika, anataka kumrudia muuza duka kwa kumuuzia sabuni feki. Mama Shaima alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji na kanga zake. Kisha akamshika mkono, akamwambia aonje. Mke wangu alikuwa na miaka thelathini na minne siku alipojua bahari ina chumvi kiasi kile.

Sasa mambo ya safari. Mimi nitabeba viti viwili vya kukunja. Nimevitengeneza mwenyewe, vinakunjika vikawa bapa, nitavifunga kamba. Jioni tutakaa pale mbele ya gesti kwenye mchanga kama watalii. Wewe niambie nguo gani zinatosha, na kama kuna duka la dawa karibu.

Ndugu yako,
Baba Kokuberwa

*

Keko,
Jumatano, 17 Julai 2024

Gervas,

Salamu kwako na kwa Kokuberwa, mwambie marahaba. Sukari ikoje? Usile maembe ya watu huko kisha ukasema ni dawa.

Kwa hiyo ni wewe. Paka yule alipigwa, Gervas. Bi Thuraya alimpiga kwa ufagio na kumhamishia kwa jirani. Mama Shaima alimwonea huruma mpaka siku tunaondoka.

Nilipiga simu Pangani nikaulizia. Bi Thuraya amefariki zamani, Mungu amrehemu. Gesti anaiendesha mjukuu wake, Zahor, mtu mzima sasa, ana sauti ya bibi yake kabisa. Nilimwuliza habari za vitanda kabla ya kuuliza habari za vyumba, akashangaa. Vingi amevitoa akaweka vya chuma, kwa sababu wageni wa siku hizi wanataka vyepesi. Vimebaki vinne vya kwetu, vyumba vya nyuma. Nikamwuliza kama cha saba ni miongoni mwa hivyo, akasema vitanda vyao havina namba. Yeye atajuaje? Ni Mama Shaima aliyevipa namba. Alikalia vyote kumi na viwili, kimoja kimoja, akainamisha kichwa kusikiliza kama mtu anayesubiri hodi, akasema vyote salama ila cha saba kinalia. Nilikifungua mara tatu. Sikupata mlio unatoka wapi mpaka leo.

Nimeweka oda ya chumba kimoja chenye vitanda viwili kati ya hivyo vinne. Andika haya: kitambulisho cha NIDA, maana bila hicho hawakuandiki kwenye kitabu cha wageni. Dawa zako za siku kumi, hata kama unakaa tano. Duka la dawa lipo lakini usilitegemee. Tochi. Dawa ya mbu, kwa sababu mto uko karibu. Ndala za kukanyagia miamba, si hizo kandambili zako zilizokwisha kisigino. Shati la mikono mirefu la kuvaa kwenye boti. Chakula usibebe, tutakapofika tutakula samaki.

Naona nimeandika tutakapofika. Usilifanyie sherehe.

Viti acha. Zahor ana viti vya plastiki, vyepesi, vinaoshwa. Mtu wa sukari mwenye miaka sitini na saba kubeba mbao kwenye basi ni ukaidi tu.

Baba Shaima

*

Kibamba,
Jumapili, 4 Agosti 2024

Kwako Baba Shaima,

Asalaam aleikum. Mimi na Kokuberwa wazima, natumaini na nyumba yako yote. NIDA ninayo, ndala nimenunua Mbezi, tochi ya Kokuberwa nimeichukua bila kumwambia. Viti nitabeba.

Nimekaa na barua yako wiki mbili na zaidi kabla ya kushika kalamu. Kuna neno nisipolisema kabla ya safari litakaa kati yetu kwenye siti, na saa zote hizo za basi sitaweza.

Siku Mama Shaima alipofariki, Mei 2009, nilikuwa huku Kibamba namalizia hii nyumba tuliyokuwa tumeshahamia. Nilipigiwa simu saa sita mchana. Nilijua nyie mnafunikia mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, kwa mbao kabla ya udongo, maana alipofariki baba yako tulizikata mimi na wewe. Nikasema mbao za Mama Shaima hazitakuwa za soko. Ule mninga wetu wa akiba, tulioufuata Tabora pamoja tukasema utasubiri kazi ya maana, ulikuwa kwangu. Nikapasua mbao saba. Nikaziranda, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, vitu ambavyo kaburi halivihitaji kabisa. Nilifikiri mtamsubiri Shaima atoke Maskati. Kwetu maiti humsubiri mtoto aliye mbali, hata siku tatu. Sikuuliza mtu. Vanishi ikataka kukauka, nikaja kesho yake asubuhi na pikapu ya kukodi, na kumbe mlishamzika tangu alasiri ya jana yake.

Nikasimama mlangoni kwako, mbele ya watu wa msiba, na mbao saba za kaburi zinang'aa. Mama mmoja akauliza huyu amekuja kumzika nani mwingine. Ndipo ukatoka. Uliyoniambia unayajua, siyarudii. Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu.

Lakini mimi nilikuwa sijaomba radhi. Nilikosa mazishi ya mtu aliyekuwa dada yangu kwa sababu nilikuwa napiga msasa. Nilitakiwa nije nilie na wewe, nikakuletea mbao, kwa kuwa mikono yangu haijui namna nyingine. Nisamehe, Khalil. Hata kama huendi Pangani, nisamehe.

Ndugu yako,
Gervas

*

Keko,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Gervas,

Salamu. Wote wazima.

Barua yako ya Agosti niliipata. Kwa sasa sina la kuandika juu yake.

Tiketi zote mbili zimekatwa, yako iko ndani ya bahasha hii. Jumanne, tarehe 17. Basi linaondoka stendi ya Mbezi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwe umefika saa kumi na mbili kamili. Siti zetu ni za upande wa kushoto, jua halitatupiga. Jumanne tunapumzika. Jumatano maji yatatoka asubuhi, boti ya Maziwe Zahor ameshaizungumza. Alhamisi ni akiba, kama Jumatano bahari itakuwa chafu. Chumba ni mpaka Jumapili.

Usichelewe. Wewe na saa hamjawahi kuelewana.

Baba Shaima

*

Pangani,
Jumatano, 18 Septemba 2024

Kwako Baba Shaima,

Asalaam aleikum. Sijui nianze vipi kukuuliza hali. Jana nilikupigia simu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tano, nikaambiwa haipatikani. Nikampata Yazid. Akasema baba yupo nyumbani, alitoka na begi alfajiri akarudi nalo, haumwi, ila hasemi kilichomrudisha. Nikamshukuru Mungu kwamba u mzima. Kisha nikakasirika, na hasira yenyewe sijaimaliza.

Nilifika stendi saa kumi na moja na nusu. Mimi, Gervas, nusu saa kabla. Kokuberwa alinishusha kwenye bajaji na begi langu na viti vyangu, nikasimama karibu na basi nikikuangalia kila upande. Konda alinivumilia dakika kumi zaidi mpaka abiria wakaanza kelele. Akataka viti viende kwenye buti. Nikamwambia siti ya pembeni yangu imelipiwa, basi vikae hapo, na vilikaa hapo mpaka Pangani.

Zahor alinipokea vizuri. Ni kweli ana sauti ya bibi yake, na kidevu pia. Akaleta kitabu cha wageni, nikajiandika, kisha nikakuandika na wewe kwenye mstari wa chini. Akasema hawezi kumpokea mtu asiye na kitambulisho. Nikamwambia aliyeandikwa hapo ndiye aliyetengeneza kitanda kinachokaliwa na mgeni wake, akaacha. Kwenye nafasi ya unakotoka nikaandika Keko kwa wote wawili. Sikujua kama bado najiona mtu wa Keko mpaka mkono ulipoandika.

Kitanda changu nilikikalia nikainamisha kichwa kama Mama Shaima. Kinalia, Khalil. Ni cha saba. Nimekaa juu yake nikakisikiliza muda mrefu. Zahor anataka kunibadilishia, nimekataa.

Leo asubuhi maji yametoka kama ulivyosema, mpaka mbali. Boti ya Maziwe nimeiambia iende bila mimi. Nilichukua sabuni ya mche niliyokuja nayo, nikaingia majini nikafua shati. Nilikuwa nimepanga tucheke. Nilicheka kidogo peke yangu, halafu nikalia, watoto wa pale wakaniuliza mzee sabuni imekuingia machoni. Nikawaambia ndiyo.

Sasa nikuambie habari ya viti. Nilikusudia uijue ukiwa umeshakaa, lakini hukuja, na siwezi kurudi nayo. Viti hivi ni zile mbao saba. Nilipoondoka kwako siku ile nilizipandisha juu ya dari, zikakaa. Maneno yako nilimwambia Demetria mwenyewe, sikumficha. Alikuwa akipita chini yake kila siku na hakuwahi kuniambia nizitoe. Alipoumwa, wiki ya mwisho, aliniita akanikalisha karibu. Akasema, "Zile mbao usinizikie. Khalil alisema vile kwa uchungu, na mimi naumwa presha yangu tu. Siku akirudi, mtengenezee kitu cha kukalia."

Tulimpeleka Bukoba, kwenye jeneza la kununua. Kabla ya kukuandikia ile barua ya Juni, nilizishusha. Mbao saba zimetoa viti viwili na kikabaki kipande. Nimevitoa nje sasa hivi, mbele ya gesti kwenye mchanga. Kimoja nimekikalia, nakuandikia juu ya goti. Kingine kiko wazi pembeni yangu. Jamaa mmoja alitaka kukikalia nikamwambia kina mwenyewe.

Barua hii nampa konda wa basi la kesho amkabidhi Lusungu pale Mbezi. Mimi nipo mpaka Jumapili.

Ndugu yako,
Gervas

*

Keko,
Ijumaa, 20 Septemba 2024

Kwako ndugu yangu Gervas,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ungeitika kwa sauti, kama ulivyokuwa ukifanya kila asubuhi karakana ili mafundi wenzetu wacheke. Salamu hii sijaisema miaka kumi na tano. Natumaini dawa zako unakunywa na mbu hawajakumaliza.

Nilikuja stendi. Nilifika kabla yako, nilikuwa nimekaa kwenye banda la chai na begi langu miguuni. Nilimwona Kokuberwa anakushusha, nikasimama nije. Ndipo nikaona ulichobeba. Ulishaniambia ni viti, na akili yangu ilijua ni viti, lakini macho yaliona mbao, zimefungwa kamba vilevile, na ubao mmoja una lile fundo jeusi la upande. Mninga wetu wa Tabora. Niliuchagua mimi ule. Nikalichukua begi langu, Gervas. Nikakaa nyuma ya banda mpaka basi likaondoka, nakutazama unavyonitafuta. Sijawahi kujiona mtu mdogo kama asubuhi ile.

Ulikataa kuyarudia maneno yangu. Ngoja niyarudie mimi, kwa sababu ni ya kwangu. Nilikuambia mbele ya watu wote, "Zipeleke kwako, ukamfukie mkeo." Demetria aliyemuuguza Mama Shaima miezi mitatu, aliyekuwa akitoka Kibamba na chupa ya uji kila Jumamosi. Baada ya miaka kumi nikasikia amefariki, nikasema ni mimi nimemtangulizia kifo kwa kinywa changu. Siku ya pili ya msiba, kabla hamjampeleka Bukoba, nilivaa kanzu nije kwako. Nikafika Kimara, nikashuka, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo Jumanne ilikuwa mara ya pili nakukimbia. Barua yako ya Agosti niliisoma nikiwa dukani, nikamwambia Yazid macho yananiwasha. Wewe unaniomba radhi mimi. Nilishindwa kujibu kwa aibu.

Na kuna hili, ambalo hata Shaima hajui. Zile mbao tulizomfunikia mama yake zilikuwa za soko. Nilimtuma mtu akazinunue mbio mbio pale barabarani, laini, zenye mafundo, moja imepinda. Mimi fundi wa miaka thelathini, nimewatengenezea vitanda watu wa Dar nzima, na mke wangu nikamfunikia mbao ambazo nisingemtengenezea mtu kabati. Usiku kucha sikuweza kuzitoa kichwani. Asubuhi ukaja na zako. Nilipoziona nilijua kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyefikiria kama nilivyopaswa kufikiria mimi, na amechelewa. Hasira yote ilitoka hapo. Ikakupiga wewe kwa sababu ulikuwa umesimama mbele.

Nisamehe. Na kama Demetria alisema vile alivyosema, nitajaribu kumwamini, maana alikuwa hasemi uongo, isipokuwa wa pweza.

Sasa sikiliza. Leo ni Ijumaa, siwezi kuacha sala. Nakuja kesho, basi lile lile la asubuhi. Barua hii Lusungu anaiwahisha kwa konda wa leo itangulie, kwa sababu haya siwezi kuyasema nikiwa nakutazama, na nikifika usiyarudie. Niulize tu habari za safari. Zahor nimempigia simu, chumba kimesogezwa mpaka Jumatano, na Kokuberwa nimemwambia asikutegemee Jumapili. Maji yatakuwa yameanza kupungua nguvu, lakini Jumapili mchana fungu bado litaonekana. Nitakupeleka ukalione, na pweza hutagusa mpaka tumerudi.

Sabuni ibakize. Bisibisi nakuja nayo, hicho kitanda cha saba tutakifungua mara ya nne. Kiti changu kiondoe juani, kiweke kivulini, vanishi yako haijawahi kuvumilia jua.

Ndugu yako,
Khalil